Barabara Hiyo Si Tupu

Kila baada ya wikendi ndefu zile picha hurudi. Barabara nyekundu imejikunja ubavuni mwa mlima, miembe upande mmoja, bonde upande wa pili, baiskeli ya laki tatu imeegemezwa kwenye jiwe, na chini yake maneno: Mbooni, kilomita 80, hakuna gari hata moja. Watu wanamwaga mioyo. Msee mmoja anaomba ramani ya njia. Mwingine anaandika kama anayesali: Mungu aiepushe na lami.

Ugomvi wangu ni na hiyo sala. Nimeikuta chini ya picha za Kilungu, chini ya picha za Nzaui, chini ya video ya mtu anayeteremka kuelekea mto Athi akipiga kelele za furaha, na sasa imekuwa kama msimamo wa chama kwetu sisi tunaotoka Nairobi na baiskeli za changarawe. Tunasema tunapenda utulivu. Tukibanwa tufafanue, tunachopenda ni kwamba Makueni na Kitui ni mahali ambapo barabara nzuri haijafika, na tungeomba isifike kwanza, angalau mpaka tumalize kupiga picha.

Sisemi baiskeli ya changarawe ni mchezo wa wazungu. Hiyo hoja ni ya uvivu. Mashindano ya Migration Gravel Race yalianza 2021 huku kwetu, kwenye nyika za Mara, na nahodha wa Team Amani, Suleiman Kangangi, alikuwa Mkenya aliyeujua mchezo huu kuliko wengi wanaotupa ushauri wa tairi mtandaoni. Alifariki Agosti 2022 akiwa kwenye mashindano ya changarawe huko Vermont, Marekani. Mchezo ni wetu. Na kuukimbilia vumbini kuna sababu. Kenya hupoteza zaidi ya watu 4,000 barabarani kila mwaka. Mtu aliyewahi kupitwa na trela Mombasa Road, upepo wake ukimvuta kuelekea magurudumuni, hahitaji kuelezwa kwa nini wengine hupakia baiskeli kwenye gari hadi Emali, halafu ndio wanapanda na kukata kona kuingia mashambani. Jijini tumebaki na Karura na vijinjia viwili vitatu. Kwa hivyo naelewa hamu. Mimi mwenyewe ninayo.

Lakini hakuna gari, na hakuna mtu, ni vitu viwili tofauti kabisa.

Pita barabara hizo saa kumi na mbili na nusu asubuhi, siku ya shule, uone msongamano wake. Watoto wa darasa la kwanza wanatembea katikati ya njia kwa sababu kando kuna miiba. Wanawake wanapanda kutoka mtoni na mtungi wa lita 20 mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso, shingo imekaza. Punda wamepangwa msururu. Mzee anasukuma blakimamba yenye mitungi minne, miwili kila upande wa keria. Piga hesabu: hizo ni kilo 80 za maji juu ya baiskeli inayokaribia kilo 20 yenyewe, haina gia, breki zake ni za vyuma na imani. Huyo mzee ndiye mwendesha baiskeli wa changarawe aliyekomaa kuliko wote niliowahi kukutana nao, na hajawahi kuwekwa kwenye orodha yoyote ya Strava. Wewe ukimpita kwenye kilima unamwambia "pole mzee", anakujibu kwa adabu, na jioni unaandika kwamba njia ilikuwa yako peke yako.

Kitui ina zaidi ya kilomita za mraba 30,000, na sensa ya 2019 ilihesabu humo watu 1,136,187. Makueni ni zaidi kidogo ya robo ya ukubwa huo, na ilikuwa na watu 987,653. Zaidi ya milioni mbili kwa pamoja. Kwenye picha zetu hakuna hata mmoja. Amekatwa pembeni, ama tulimsubiri apite ndipo tupige.

Na magari yapo, bana. Hujayaona kwa sababu wewe hupita Jumamosi mchana. Ngoja giza liingie karibu na mito ya Makueni uyasikie malori ya mchanga. Mchanga wa mto, kwa watu wa huko, ni tangi la maji: mvua ikiisha maji hujificha chini yake, na kiangazi watu huchimba kisima kifupi wakayapata. Ndiyo maana Ukambani kumejengwa kuta nyingi za zege katikati ya mito ya msimu, kusudi mchanga ujikusanye nyuma yake na kushika maji. Mchanga ukibebwa, maji yanaenda nao, na yule mama wa mtungi anaongezewa mwendo. Hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba mwaka 2015 kaunti ya Makueni ilitunga sheria nzima ya kuhifadhi na kutumia mchanga. Wateja wakubwa wa mchanga wa Ukambani ni nani? Sisi. Ni ghorofa za Nairobi. Ile mitaro miwili ya magurudumu ambayo unaisifu kama sehemu tamu ya njia, inayokulazimu uchague mstari wako kwa ustadi, huenda ilichimbwa na lori lililobeba ukuta wa chumba chako cha kulala.

Kuna neno lingine tunalolipenda: asili. Eti tunaenda kuona Kenya ya asili, isiyoguswa. Hapo ndipo huwa nacheka. Hakuna kitu kimeguswa kama mlima wa Mbooni. Simulizi za Wakamba zinasema hapo ndipo wazee walikaa kabla ya kusambaa na wengine kuvuka Athi kuingia Kitui. Yale matuta yanayokata miteremko kama ngazi, ambayo yanatoka vizuri sana kwenye droni, yana jina la Kiswahili linalotumiwa na wataalamu wa udongo nchi nyingi: fanya juu. Unachimba mtaro, unarusha udongo upande wa juu, mvua inakusaidia kusawazisha. Yalichimbwa kwa jembe na kwa mikono, mengi na vikundi vya mwethya, na wengi ndani ya vikundi hivyo walikuwa wanawake. Serikali ya kikoloni ilikuwa imewatangaza Wakamba kuwa waharibifu wa ardhi. Mwaka 1938 iliwanyang'anya ng'ombe kwa kisingizio hicho, na watu wa wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo iliibeba Makueni ya leo, wakaandamana kwa maelfu hadi Nairobi kudai mifugo yao. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alikamatwa na kupelekwa kizuizini Lamu. Watafiti waliokuja baadaye kuchunguza wilaya hiyo kati ya 1930 na 1990 walikuta idadi ya watu imeongezeka zaidi ya mara tano na mmomonyoko wa udongo umepungua. Watu walikuwa wengi zaidi, na ardhi ikawa na afya zaidi, kwa sababu watu hao walichimba.

Njia nazo ni hivyo hivyo. Kabla ya reli, Wakamba walikuwa wakisafirisha pembe za ndovu hadi Mombasa kwa miguu. Mwaka 1849 mmishonari Krapf alifika Kitui kwa mwenyeji wake Kivoi, mfanyabiashara wa misafara, na ni kutoka huko ndiko alikouona Mlima Kenya. Hakuvumbua njia. Alionyeshwa, kama vile wewe unavyoonyeshwa na simu yako njia ambayo mtu fulani aliikanyaga mpaka ikawa njia. Hata vile vichaka vilivyobaki na miti mikubwa katikati ya mashamba, unavyopenda kupumzikia, vingine ni mathembo, mahali pa ibada, na miti ilibaki kwa sababu watu walikatazana kuikata. Uliza kabla ya kuingia na baiskeli yako na ndizi zako.

Sasa turudi kwenye lami.

Watu wa huko wanaitaka. Si kwamba wamedanganywa na wanasiasa, ingawa wanasiasa huwadanganya pia. Wanaitaka kwa sababu embe halingoji. Broka akija na pikapu yake na kuona hali ya barabara, bei inashuka kabla hajashuka yeye mwenyewe. Kaunti ilifungua kiwanda cha matunda Kalamba mwaka 2017, lakini kiwanda hakikusaidii kama embe limepondeka njiani kwa kurushwarushwa. Ndengu za Kitui ziko hivyo hivyo. Mvua za Novemba zikishuka kwenye udongo mweusi, Probox inayobeba abiria kumi na mmoja inakwama, na kama mmoja wao ni mama aliyeshikwa na uchungu, hiyo si hadithi ya safari ya kusimulia ukirudi Kilimani. Na vumbi lenyewe! Sisi tunaliosha kwenye baiskeli Jumapili jioni. Mwenye kibanda cha chapati kando ya njia analila mwaka mzima.

Barabara ya Kibwezi kwenda Kitui kupitia Ikutha na Mutomo ilikuwa ya vumbi kwa miongo mingi. Inavuka Athi, inapanda uwanda wa Yatta, ambao chini yake ni mojawapo ya mitiririko mirefu zaidi ya lava duniani, karibu kilomita 300, kisha inakimbia kwenye nchi kavu iliyonyooka. Kwa mwendesha baiskeli ilikuwa ndoto. Imewekwa lami miaka hii ya karibuni, na kuna wasee wa baiskeli wanaizungumzia kama marehemu. Lakini tafuta Ikutha nzima mtu anayetaka vumbi lirudi. Utachoka kabla hujampata.

Kwa hivyo tukiomba lami isije, tunaomba watu wengine wabaki na shida ili sisi tupate Jumamosi nzuri. Sijui namna ya kulisema hilo kwa upole zaidi.

Ila nusu ya pili ya ugomvi wangu ni na upande ule mwingine, wenye kukata utepe. Maana lami inayokuja Ukambani mara nyingi huja kama ilivyochorwa kwa ajili ya gari peke yake. Barabara ya vumbi, pamoja na ubaya wake wote, ina polisi wake: mashimo. Hakuna anayepita kilomita 80 kwa saa juu ya mawe. Mtoto anatembea katikati na anapona kwa sababu gari linakuja likitambaa na kupiga honi. Siku lami inapokauka, gari lile lile linapita kama risasi, na mtoto yule yule bado anatoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu. Pembeni ya lami kuna ngazi ya ghafla hadi kwenye changarawe, halafu mtaro, halafu ua wa mtu. Mzee wa blakimamba akisikia lori nyuma ana mambo mawili ya kufanya: abaki juu ya lami na kuomba, ama ashuke ile ngazi na kilo 80 za maji na aanguke. Mtu aliyegongwa na gari la kilomita 30 kwa saa ana nafasi kubwa ya kuishi. La kilomita 80, ni mazishi.

Hapa kuna jambo la kiufundi ambalo linaeleza mengi. Kabla ya kuchora barabara, wahandisi huhesabu magari, hasa yale mazito, kwa kuwa uzito wa ekseli ndio unaoamua unene wa lami. Hesabu hiyo ina maana yake. Lakini mama mwenye mtungi haongezi uzito wowote wa maana kwenye lami. Katika hesabu ya unene yeye ni sifuri. Asipohesabiwa mahali pengine, na mtu mwingine, kwa sababu nyingine, atabaki sifuri mpaka kwenye mchoro. Basi wanaosema njia haina magari na wanaochora njia ya magari tu wamefanana kuliko wanavyodhani. Wote wametazama barabara ile ile asubuhi ile ile na hawakumwona.

Usiniambie pesa hazitoshi. Ukanda wa mita moja na nusu kila upande, uliosawazishwa na lami yenyewe, ni kitu kidogo ukiuweka wakati trekta bado liko pale. Ukiuacha, ukarudi baada ya miaka kumi kubomoa mitaro na kulipa watu fidia, ndipo unakuwa ghali. Na tunajua ahadi za karatasi zinavyoishia. Nairobi ilipitisha sera yake ya watembea kwa miguu na baiskeli mwaka 2015, ikaahidi kutenga asilimia 20 ya bajeti ya barabara kwa ajili yao. Mwaka 2022 tukafunguliwa Expressway ambayo mtu wa miguu na mtu wa baiskeli hawaruhusiwi hata kuikanyaga. Kama jiji lenye kelele zote hizi, wanaharakati wote hawa, na watu wanaojaza barabara na baiskeli mara moja kwa mwezi, bado linasahau, unadhani Mutomo itakumbukwa na nani?

Hapo ndipo tunapoingia sisi. Waswahili walishasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na sisi wa changarawe tumekaa siku nyingi sana tukilishwa muthokoi bila kuulizwa jembe. Tena wengi wetu si wageni hata. Hebu tazama kitambulisho chako. Kuna mtu anasoma hapa ambaye ushago kwao ni Kee, ama Matiliku, ama Migwani, ambaye susu wake bado anatembea barabara hiyo kwenda kanisani, na ambaye mwaka jana aliipita kwa baiskeli akaiita tupu. Manze, susu yuko humo!

Makueni ina sifa ya mikutano ya ushirikishaji wa umma inayoanzia kijijini, watu wakiamua mradi upi utangulie, na Katiba ya 2010 inaidai kwa kaunti zote. Ukienda utaambiwa maneno. Kaunti itasema barabara hiyo ni ya KeRRA, KeRRA itasema bajeti iko kwa kaunti, na mheshimiwa atasema lami kwanza, hayo mengine baadaye. Wenyeji wengi wamesikia hayo mpaka wamechoka, na pia wamebanwa: mtu aliyesubiri lami miaka 40 hawezi kusimama na kusema haitoshi, maana anaogopa ihamishiwe wadi nyingine. Wewe huogopi hilo. Una simu yenye rekodi ya kila kilima, una kamera ambayo mpaka sasa imekuwa ikipiga jiwe na machweo, na una uzoefu wa mwili wako mwenyewe wa jinsi inavyokuwa kusukumwa nje ya lami na lori. Hivyo ni vitu ambavyo mkutano unaweza kuvitumia, mradi uvilete kama msaidizi wa wenyeji, usijifanye msemaji wao.

Nina pendekezo dogo, na linaudhi kwa sababu halina picha nzuri. Safari moja kati ya nne, usiendeshe. Endeshea hadi kona moja karibu na shule ama kisima, kwenye barabara ambayo kuna habari kwamba itawekwa lami, uegeshe baiskeli, ukae chini ya mwembe kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, siku ya juma, na uhesabu. Watoto. Wanawake wenye mizigo. Baiskeli, na zimebeba nini. Punda. Pikipiki, ambazo ziliongezeka sana tangu serikali ilipoziondolea kodi mwishoni mwa miaka ya 2000 na zikawasukuma waendesha baiskeli wa boda nje ya kazi. Magari pia, yahesabu, usiwe na chuki. Mwombe mwenyeji mmoja akae nawe, kwa sababu atakwambia ni nani hajapita leo na kwa nini. Ukiwa Kitui, mchana panda ngazi za jiwe la Nzambani ukapumzike. Lile la kulizunguka mara saba ukabadilika jinsia nawaachia nyinyi wenye nguvu za ziada.

Kisha zile namba zipelekwe kwenye mkutano wa wadi na zisomwe na mtu wa pale, kwa Kikamba, mbele ya mhandisi. Saa tatu za asubuhi, kona moja, watoto wangapi, mitungi mingapi, magari mangapi. Baada ya hapo swali ni fupi: kwenye mchoro huu, hawa wanapita wapi? Mikutano hii mara nyingi huitwa katikati ya juma. Omba ruhusa kazini mapema.